Glasi ya Marehemu

Chumba cha dobi kilijaa mvuke tangu asubuhi, na mashati yaliyotundikwa juu yaliyumba polepole kama watu waliosahau walikokuwa wakienda. Mama Pasi alipita katikati yao akinyoosha kola. Kazi hiyo aliianza angali mwali, na jina lake la kuzaliwa wengi hawakulijua tena. Akikutana na shati la mabega mapana, alisimama kidogo. Mumewe, fundi vioo, alikuwa na mabega ya namna hiyo.

Miezi ya mwanzo baada ya mazishi, marehemu alikuwa akimjia ndotoni. Husimama mlangoni, hukung'uta vumbi la vioo, kisha huyo, keshaondoka. Mama Pasi alitaka akae zaidi. Aliposikia redioni kwamba divai nyekundu ni dawa ya moyo na huleta usingizi, alijisemea: usingizi ukirefuka, na mume wangu atapata pa kukaa.

Basi kila jioni akawa anakunywa glasi moja. Haikuzidi, maana alikuwa mtu wa kipimo. Usingizi ulimwangusha kama gunia, lakini mume hakuonekana tena. Alfajiri moyo ulimwamsha ukienda mbio, kinywa kikavu, mto umelowa jasho. Akadhani marehemu amenuna, naye akazidi kuishika ile divai kwa uaminifu, marehemu asije akasema mkewe amechoka kumngoja.

"Wifi, macho mekundu hayo," dada wa marehemu, aliyekuwa akiishi naye nyumba moja, alimwambia. "Umelia au umekunywa?"

"Nimepiga pasi."

"Pasi ya zabibu hiyo."

Siku moja kichwa kilimzunguka, akaisahau pasi juu ya shati jeupe. Alipoinyanyua, mgongoni pamebaki alama ya kahawia, umbo la pasi kamili. Tangu aanze kazi hakuwahi kuunguza hata leso. Wifi hakumwachia nafasi ya kubisha, akampeleka hospitali.

Daktari alimfunga kitambaa cha kupimia presha, akatazama, akapima tena.

"Mama, presha iko juu. Unakunywa pombe?"

"Pombe? Mimi? Divai tu, glasi moja jioni. Ya moyo."

"Mwambie na glasi yenyewe," wifi akadakia.

"Glasi ni glasi."

Wifi akafungua mkoba, akatoa kitu kilichofungwa kwa taulo. Ilikuwa glasi ya kijani, nzito, aliyoikata marehemu kwa mkono wake kutoka kwenye chupa kubwa, akasugua ukingo mpaka ukawa laini kama mdomo wa mtoto. Alimpa mkewe mwezi waliooana, ya kunywea maji akitoka kwenye joto la pasi. Daktari akaijaza maji, akayagawa katika bilauri ndogo za pale mezani. Zikajaa zote, na maji bado yamo.

"Mama, hii ni chupa iliyovuliwa kofia."

Mama Pasi akaichukua glasi, akaanza kuifunga tena kwa taulo.

"Divai inapandisha presha," daktari akaendelea, taratibu. "Inachosha ini, na moyo wenyewe inaukimbiza. Mimi siwezi kumwandikia mtu divai kuwa dawa. Hata usingizi wake ni wa kuangushwa tu. Hupumziki, na ndoto nazo inazifunika."

"Inafunika ndoto?"

"Mara nyingi, ndiyo. Ila usiache kwa mkupuo, utaumia. Punguza kidogo kidogo, urudi nikuone."

Walipofika kizingitini, Mama Pasi alisimama.

"Wifi, nimemfungia kaka yako nje muda wote huu."

"Amezoea. Hata zamani ukikasirika ulimfungia."

Wakacheka, halafu Mama Pasi akafuta macho. Wifi akajifanya hakuona.

Divai ikahamia kwenye kikombe cha chai, ikashuka hadi nusu kikombe, mwishowe ikabaki chupani. Usingizi ulikuwa mgumu. Alijigeuza kama mkate kwenye kikaango, akaudhika, akanuna, lakini hakurudi nyuma.

Kisha Jumapili moja mchana, dirisha wazi, pazia likipumua, alijilaza. Mvuke ukaingia chumbani bila joto. Mashati yakapita, matupu, yakimpisha mtu. Fundi vioo alikuwa amevaa lile jeupe lenye alama ya pasi mgongoni, na hakuonekana kujali. Alitazama kabatini, akatazama mezani, akakaa kitandani kwa uzito wake wote, na godoro likainama.

Alipoamka, moyo ulikuwa ukitembea bila haraka. Aliitoa glasi kwenye taulo, akaiosha, akaijaza kutoka mtungini. Jua likapita kwenye ule ukijani na kumwagika sakafuni.

"Amekuja?" wifi aliuliza, amesimama mlangoni.

"Amekuja."

"Amesemaje?"

Mama Pasi alikunywa kwanza, taratibu, mpaka nusu.

"Alikuwa anatafuta maji."