Breki ya Upande wa Pili

Jina la Tani Saba hakupewa na mama yake. Alijipa mwenyewe, akalitangaza kila kituo cha mafuta mpaka watu wakachoka kubisha. Miaka ishirini na mbili alikuwa ameendesha lori moja tu la kampuni ya saruji, lori la kubeba tani saba, na alidai kwamba mzigo anaupima kwa makalio. "Nikikaa tu kitini," alikuwa akisema, "najua kama mifuko ni mia na arobaini au kuna mtu kaiba miwili." Siku moja mbili alipatia kweli. Siku alizokosea hazikuingia kwenye simulizi.

Sasa lori lilikuwa limezeeka, na dereva wake hali kadhalika. Kampuni ilikuwa imeliuza kwa mfanyabiashara wa mbao wa mji wa pili, mwendo wa saa nne, na Tani Saba aliomba jambo moja tu kabla ya kustaafu: alipeleke yeye mwenyewe. Hakutaka hotuba wala saa ya ukutani. Siku ya safari alifika ofisini asubuhi, shati limenyooshwa, ananukia sabuni.

Karani, binti mwenye mwezi mmoja kazini, aliiomba leseni yake atoe nakala kwa ajili ya bima. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mzee, hii ni daraja la pili."

"Ndiyo. Haina doa."

"Daraja la pili mwisho wake tani saba na nusu."

"Na lori langu ni tani saba. Nusu nimewaachia, kunyweni chai."

Karani hakucheka. "Hiyo saba ni mzigo, mzee. Leseni inahesabu gari pamoja na mzigo wake. Lori lenyewe ni tani tano. Tano na saba ngapi?"

Tani Saba alitazama dari kama mtu anayetafuta buibui. Hesabu haikuwa ngumu. Ugumu ulikuwa kuitamka.

"Basi leo linakwenda tupu," alisema. "Tano."

"Hata likiwa tupu linahesabiwa kama limejaa. Imeandikwa pale mlangoni."

Wakatoka kuangalia. Chini ya jina la kampuni palikuwa na maandishi madogo meupe: uzito mtupu kilo 5,000, uzito wote kilo 12,000. Maandishi hayo yeye mwenyewe alikuwa ameyapaka rangi upya mara tatu, kwa brashi nyembamba, ulimi umemtoka pembeni, bila kuyasoma hata siku moja. Wala hakuwa peke yake. Askari wa barabarani wangapi walikuwa wameisoma leseni ile, wakaona saba na nusu, wakamtazama mtu anayeitwa Tani Saba, wakaona mambo yamekaa sawa, wakampungia mkono apite?

"Kwa hiyo miaka yote hiyo..." alianza.

"Ya miaka hiyo mimi siyajui," karani alisema kwa upole. "Nayajua ya leo. Leo huendeshi, mzee wangu. Tafuta mwenye daraja la tatu."

Mwenye daraja la tatu alikuwepo, tena na la nne juu yake: binti yake wa pekee, anayeendesha matrela katika kampuni nyingine, na wiki hiyo alikuwa likizo. Usukani alifundishwa na baba yake, kwa pikapu ya kuazima. Kanuni alikwenda kuzisoma mwenyewe. Alipofika na kusikia habari, alicheka mpaka akaegemea tairi.

"Kumbe dereva halali wa kwanza katika ukoo huu ni mimi."

"Cheka upasuke," baba yake alisema. "Panda twende."

Akazunguka mbele ya lori, mkono ukaenda wenyewe kwenye mlango wa dereva. Binti akakohoa. Ikabidi azunguke tena, apande upande wa pili.

Kiti kile hakuwahi kukikalia. Kilikuwa cha marehemu mkewe, ambaye kila Ijumaa alipanda naye kwenda kumwona mama yake. Kwenye mshikio wa mlango bado palikuwa na kipande cha mtandio wake, alichokifunga ili chuma kisimchome mkono juani. Na katika sifa zote za Tani Saba, aliyoipenda kuliko nyingine ilikuwa hii: "Mke wangu hulala njia nzima. Kwenye lori la dereva mbovu, nani anapata usingizi?"

Kutoka upande huu barabara ilikuwa nyingine kabisa. Mitaro ilikuwa karibu mno. Nguzo za umeme zilimjia usoni kama zinamdai.

Walipofika kwenye mteremko mkali, akashindwa kunyamaza. "Gia ya pili hiyo."

"Nimeshaweka, Baba. Si ulinifundisha wewe?"

Kona ya kwanza ikaja, mguu wake wa kulia ukakanyaga sakafu bila kutumwa. Ukaangukia shimoni. Aliinama kutazama. Mpira wa sakafuni ulikuwa umelika mahali pamoja, mviringo kama kisahani, mpaka bati likaonekana liking'aa.

"Hapa pameliwa na nini?"

Binti alitupa jicho mara moja, akalirudisha barabarani. "Hapo? Hapo ni breki ya Mama."

"Breki gani?"

"Ulidhani analala. Alikuwa anafumba macho asione. Mguu ulikuwa hapo tangu tunatoka mpaka tunafika. Mimi si nilikuwa nakaa katikati? Alinikataza kukwambia. Alisema, mwache baba yako na sifa zake, ndizo zinazomwamsha asubuhi."

Tani Saba alilitazama lile bati kona tano nzima.

"Mwoga kiasi hicho," alisema hatimaye, "na hakukosa Ijumaa hata moja."

"Hata moja. Na mabasi yalikuwepo, Baba."

Tani Saba aliurudisha mguu pale pale kwenye bati. Mguu wake ulikuwa mkubwa kuliko wa mkewe, kisigino kikabaki nje.

Kwenye geti la uwanja wa mbao, binti alisimamisha lori, injini ikinguruma polepole. Akafungua mlango wake.

"Humu ndani si barabara. Hakuna askari, hakuna daraja. Njoo uliingize mwenyewe."

Ndicho alichokuwa akikitaka tangu asubuhi. Aliutazama usukani, zile kamba za plastiki alizouzungushia kwa mikono yake, zimepauka pale viganja vilipozoea kushika.

"Funga mlango," alisema. "Liingize wewe. Polepole, kushoto kuna rundo la mbao. Mimi huku breki nimeshaishika."