Thadi ya Ohn Shwe

Nalisema hili uso umenishuka. Mimi Nu Yi, mshonaji wa mtaani kwetu hapa Mandalay, mdomo wangu umenifikisha pabaya mara nyingi, lakini hii imezidi.

Jirani yangu Ohn Shwe ameuza supu ya samaki na tambi tangu tulipokuwa na meno yote. Asubuhi moja aligeuka kumhudumia mteja, mjukuu wake Pwint akavuta sufuria. Mtoto akaungua mguu. Mkamwana wake, Yamin, hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama, mtoto humgusi tena mpaka upate thadi."

Neno hilo kwetu si la watawa peke yao. Ukibeba maji ya moto utaambiwa shika thadi. Aliyezimia, thadi imemtoka. Ukimkumbuka mwanao aliye mbali hadi chakula hakipiti, thadi yake imekujia. Ni akili kuwepo pale ulipo, basi. Kwa Ohn Shwe sasa lilikuwa na maana moja tu, nayo ilikuwa na umri wa miaka miwili na mguu ulioungua.

Basi sikukuu ya maji ilipofika, vijana wakimwagiana ndoo barabarani, sisi wawili tukaenda Sagaing kukaa kimya siku kumi kwa watawa, kuitafuta hiyo thadi. Kila alasiri wanawake tulipanga mstari, kila mmoja amweleze mtawa mkuu akili yake imeshinda wapi.

"Nimelala, Mwalimu," Ohn Shwe alisema. "Nilipoamka nikawaza samaki. Halafu goti likauma."

Mstari mzima tukacheka. Zamu yangu ilipofika nikamwaga maneno: mwili umeyeyuka, mwanga umenijaa kifuani. Nilikuwa nimeyakariri kwenye kijitabu. Wenzangu wakaanza kunipisha njiani, nami nikavimba kichwa.

Siku ya sita, tukichota maji ya kunywa, nikamwambia mbele ya watu, "Shoga, umekoroga samaki mpaka kichwa nacho kimekuwa supu. Rudi nyumbani. Haya mambo si ya kila mtu."

Nilitaka wacheke, nao wakacheka. Ohn Shwe akaweka kikombe chini. Kesho yake mkeka wake ulikuwa mtupu.

Mimi nilirudi siku kumi zilipotimia, kifua mbele. Nikamkuta Ohn Shwe barazani kwake akikatakata shina la mgomba la kutia kwenye supu. Mtoto alikuwa analia ndani, naye hainuki. Yamin akanitolea kiti.

"Shangazi, nilikuwa nakungoja," akasema. "Mama anasema yeye alishindwa, ila wewe umefika mbali. Anataka nikuulize wewe kama anafaa kumshika mtoto. Ukisema bado, atakubali."

Ohn Shwe hakuinua kichwa, lakini kisu kilikuwa kimesimama. Nilitamani ardhi inimeze.

"Anafaa," nikasema haraka.

"Umejuaje? Mwenyewe anasema siku zote sita alikuwa analala."

Ningeweza kutunga jingine, maana nayajua mengi. Lakini kisu kilikuwa bado kimesimama.

"Hata mimi nililala," nikasema. "Mwanga sikuuona. Yote nilikariri. Katika mstari ule yeye peke yake ndiye aliyejua akili yake ilikuwa wapi, na mimi nikamcheka mpaka akaondoka."

Sasa Ohn Shwe akanitazama. "Hata ule mwanga, Nu Yi?"

"Hata ule mwanga."

"Mimi usiku nilikesha nikiutafuta," akasema, tena bila hasira. Bora angenitukana.

Yamin aliingia ndani, akatoka na Pwint. Ohn Shwe alisukuma kisu mbali kwanza, akafuta mikono yote miwili, ndipo akampokea mtoto. Nikatoka bila kuaga, na hakuna aliyeniita nirudi.