Siku Niliyokuwa na Uhakika

Mwalimu wetu wa Kiingereza kule Kianda alichukia neno maybe, yaani labda, kama ugonjwa. Wanafunzi wake tulikuwa watu wazima, wauza mitumba na vibarua, na alitufokea bila huruma: mwajiri akikuuliza kitu, usimjibu maybe wala perhaps, sema definitely, sema certainly, yaani bila shaka, tena kwa macho makavu. Nilifanya mazoezi hata nikiwa chooni.

Jumamosi moja nikiuza marinda Kawangware, nikakosa simu yangu mezani. Nikapiga mayowe: mwizi! Watu wakamkamata jamaa mmoja wa koti la kijani aliyekuwa akikimbia. Lakini pale sokoni hawampigi mtu kabla mwenye mali hajasema. Fundi wa viatu akanijia na nyundo mkononi.

"Mathe, ni huyu?"

Uso wa mtu aliyepita mezani pangu sikuuona. Niliona mgongo tu ukipotelea kwenye watu. Lakini nilikuwa nachemka kwa hasira, na soko zima lilikuwa linaningoja.

"Definitely," nikasema. "Certainly."

Wakamshukia kwa mawe na mbao. Jino lake liliruka likatua juu ya rinda jeupe. Alimlilia mama yake mpaka sauti ikakatika.

Ndipo simu yangu ikalia, chini ya rundo la marinda.

Watu wakatawanyika kama hawakuwahi kuwepo. Nikamshika fundi mkono, nikamwambia tumeua mtoto wa watu bure. Akapangusa nyundo kwa aproni yake.

"Mimi niliuliza, mathe. Wewe ndio ulisema definitely."