Msiba Wangu Ulianza Nikiwa Nimekaa Kwenye Kochi

Jamani, mmeshawahi kuona watu wanapanga mazishi yenu huku mmekaa nao sebuleni?

Mimi nimeona. Na sikuweza kusema kitu.

Kazi yangu ni kusherehesha harusi. Mdomo ndio jembe langu. Sasa sauti ikaanza kukwaruza, mwisho ikakata kabisa. Daktari wa koo akanikata kinyama kidogo kwenda kupimwa, akanikataza kuongea, hata kunong'ona.

Siku ya majibu nikaenda peke yangu. Kidume.

Daktari, mama mmoja mpole, akavua miwani.

"Ni saratani ya koo. Aina adimu sana..."

Sikusubiri. Nikainuka, nikachomoka. Nilisikia ananiita kwenye ngazi, nikaongeza mwendo.

Nyumbani nikamkuta shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Nikamwandikia kwenye simu: "Saratani. Adimu sana."

Kosa kubwa. Yule hana breki. Kabla sijavua viatu, ukoo mzima ulikuwa umejaa sebuleni.

Wanalia. Wananishika kichwa. Shemeji akaingia chumbani, akatoka amevaa koti langu la kazini, la kumetameta.

"Najaribu tu, shem. Lisije likaliwa na mende."

Baba mdogo akakohoa.

"Tuna tatizo. Shughuli zote za ukoo huu anaendesha huyu. Sasa yake ataiendesha nani?"

Wakaanza kubishana. Huyu ana kigugumizi, yule akishika maiki haachii. Mimi nikaandika kwenye simu, nikampa baba mdogo asome.

"Nitajirekodi mwenyewe."

Ndiyo kwanza vilio vikapanda!

Hapo mke wangu akaingia. Ni mwalimu wa darasa la kwanza. Akisimama mlangoni, hata watu wazima wanakaa vizuri.

"Kuna nini?"

Akaelezwa. Akanigeukia.

"Daktari kasema imefika wapi?"

Nikatikisa kichwa.

"Inatibika?"

Nikatikisa kichwa.

"Hapana, au hujui?"

Nikaandika: "Niliondoka."

"Uliondoka daktari akiwa anaongea?" Akawageukia wengine. "Na nyie mnalilia nusu ya sentensi! Wewe, vua hilo koti."

Kesho yake asubuhi akanipeleka kama mtoto aliyetoroka shule.

Daktari akacheka aliponiona. "Mkimbiaji amerudi. Sikiliza sasa. Adimu maana yake haionekani mara nyingi, si kwamba inaua haraka. Yako imeota kwenye gegedu, ule mfupa laini wa koo, inakua polepole, na haijasambaa. Tukiiondoa, wengi wanaishi miaka mingi. Siwezi kukuahidi kwamba haitarudi, kwa hiyo tutakuwa tunakuchunguza."

"Na sauti?" mke wangu akauliza.

"Ataongea. Lakini ile ya zamani, hapana."

Hilo lilinichoma kuliko saratani yenyewe. Ile sauti ndiyo mimi.

Mke wangu akafikiri kidogo.

"Na kukoroma?"

"Hilo sina uhakika."

"Basi, kata hivyo hivyo."

Akaaga kwa heshima, akanipa mkoba wake, tukatoka. Tukafika kwenye korido. Mke wangu, ambaye hakutoa hata chozi moja mbele ya ukoo, akakaa sakafuni akalia mpaka wauguzi wakatoka mbio.

Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akainama.

"Pole sana, mama. Marehemu alikuwa nani wako?"

Mke wangu, bado analia, akaninyooshea kidole mimi. Nimesimama pale na mkoba wa kike mkononi.

Mzee akanitazama juu mpaka chini. Akabadilisha foleni.

Nilikatwa, nikapona jeraha. Naendelea kuchunguzwa. Sauti yangu sasa ni kama kiti kinachoburutwa, hivyo harusi zangu zimekuwa fupi. Wageni wanashukuru.

Ndugu zangu, majibu mazito usiyafuate peke yako. Nenda na mtu mwenye maswali, na usiinuke mpaka daktari ainuke kwanza.