Fundo Hugongwa Mara Mbili

Siku waliyokuja kurekodi video kiwandani nilikuwa nimesuka nywele upya, na nimevaa blauzi yangu ya kitenge, ile ya kwendea arusi. Msimamizi alikuwa ameniambia kwamba mainjinia wanataka kuona ninavyofanya kazi, kwa kuwa hakuna mwenye mikono kama yangu. Basi nikajipamba. Walipofika wakafunga kamera juu ya meza, wakaiinamisha, na kutwa nzima haikuona kwangu chochote zaidi ya viganja na vidole. Nywele zangu hazikumfaa mtu.

Watu wakisikia kiwanda cha vifaa vya ndege wanafikiri mabawa na injini. Sisi pale Fort Worth, Marekani, tulikuwa tukifunga nyaya. Una ubao mkubwa wenye misumari, unapitisha nyaya nyembamba kati ya misumari mpaka ziwe tita, kisha unalifunga tita kwa uzi wenye nta, fundo baada ya fundo. Kazi hiyo niliijua kabla sijapanda ndege yoyote. Mama yetu alikuwa akiuza sombe, majani ya muhogo, katika kambi ya wakimbizi, na mimi na mdogo wangu ndio tuliomfungia mafungu kwa kamba za mgomba. Kila akikaza fundo, mama alikuwa akiligonga mara mbili kwa kidole gumba. Hakutuambia kwa nini, nasi hatukuuliza, tukawa tunagonga tu. Injinia mmoja alinionyesha kidole changu kwenye kamera akaniuliza kule kugonga ni kwa nini. Nikamwambia ni mazoea. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Mimi nilielewa vyangu. Mtu hafuatwi na kamera kama hapandishwi cheo, ndivyo nilivyojiambia, na Jumapili nikasimama kanisani kutoa ushuhuda. Nikasema Mungu amenifanya mwalimu katika nchi ya wasomi. Kanisa letu la Wakongo halijui kushangilia nusu nusu. Walipiga vigelegele, mchungaji akasema nimekuwa kichwa wala si mkia, na baada ya ibada kina mama wakapika mpaka ukumbi ukanukia samaki. Mtu alishika simu juu ili mdogo wangu aone kila kitu kutoka Houston.

Yeye na mimi tulikuja Marekani kwa kesi mbili, yaani mafaili mawili ya ukimbizi. Yangu ikaletwa huku, yake ikapelekwa kule, naye akaishia Gulfton, mtaa wa Houston, kwenye nyumba zilizobanana, akitandika vitanda vya hoteli. Mama alifariki tukiwa bado kambini, na tangu siku ile ndugu wa damu niliyebaki naye ni huyo mmoja. Miaka yote tulikuwa tukizungumza kwa simu kuhusu kukaa mahali pamoja. Jioni ya ushuhuda alinipigia, akiniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya, sasa minakuya. Hotel nita-quit. Nimechoka kukuona mu simu."

"Kuya basi," nikamwambia. "Uta-apply hapa hapa kwetu. Nitasema na supervisor."

Akaja na watoto wake wawili na masufuria yake yote, akapata nyumba Euless tulikokaa, karibu na uwanja wa ndege, ghorofa ya chini ya yetu. Nikisahau chumvi nilikuwa nagonga sakafu kwa mwiko, naye anaileta huku akinitukana kwa mapenzi. Nilikuwa na furaha, na furaha ile niliizoea upesi kuliko inavyostahili.

Kiwanda kilimpokea. Siku zake za kwanza walimweka chumbani mbele ya televisheni ajifunze, na wakati wa chakula alinijia machozi yakimlengalenga, nikadhani kuna aliyemkosea. Mimi ni mwepesi wa hasira, nilishasimama tayari kugomba.

"Hapana, yaya. Ile video. Ile ni mikono ya mama."

Akaniambia kwamba chini ya picha wameandika kila hatua, na baada ya kukaza fundo wameandika: gonga mara mbili kwa kidole gumba. Tulicheka mpaka tukashikana mabega.

Kisha wakatuletea pizza. Kiwandani kwetu pizza haikuja bure, hasa katikati ya wiki, na wazee wa kazi waliiangalia bila kuigusa. Bwana mmoja ambaye hatukuwahi kumwona akatushukuru sana, akasema kazi ya nyaya inahamia kiwanda cha kampuni hiyo hiyo katika nchi nyingine, na kwamba wenzetu wa huko wameshaanza kujifunza. Hakusema wanajifunza kwa kitu gani, wala haikuhitajika. Mdogo wangu alikuwa ameketi kando yangu. Alinishika mkono, nikautazama mkono wangu, nikauchukia.

"Tutafanya je, yaya?"

"Sijue, mdogo wangu."

Wengine walizungumza juu ya kuandamana, wengine juu ya wakili, mchungaji akaita maombi ya kufunga. Tulifunga na tukaomba. Lakini mwenye nguvu mpishe, na huyu mwenye kampuni hata uso wake hatukuujua ili tumpishe vizuri. Wapya walitolewa kwanza. Mdogo wangu hakuwa amefunga hata tita moja la kweli. Alizunguka maghala yote ya karibu na uwanja wa ndege na hakuna aliyemwita, mpaka hoteli ya Houston ikakubali kumrudisha. Mume wangu anapakia mizigo hapa uwanjani, hivyo nisingeweza kumfuata mdogo wangu. Tulifunga masufuria yake kwenye maboksi.

Mimi nikaachwa mpaka mwisho. Waliniketisha mbele ya skrini nijibu maswali ya wale wa huko, na ningekataa, wangemketisha mwingine. Asubuhi moja akatokea mama wa makamo kama mimi, amesuka nywele vizuri. Akaniita mwalimu. Akafunga fundo lake polepole, akalikaza, akaligonga mara mbili kwa kidole gumba, kisha akainua macho, na mkalimani akaniuliza kama amepata.

Nilitaka kumwambia aache, kwamba hiyo si kazi, hiyo ni ya mama yetu. Nikasema amepata. Akatabasamu, akavuta uzi mwingine. Mdogo wangu wakati huo alikuwa Houston, anatandika vitanda.