Jiwe Nililomchongea Mama

Siku ile naikumbuka kwa vumbi lake, mwanangu. Vumbi la mbao nimelizoea tangu utotoni, lina harufu nzuri na ukijikung'uta linatoka. La jiwe ni jengine. Linakaa kooni, ukimeza mate unalisikia. Nilikuwa kijana, nimekaa uani kwetu hapa Ibra, Omani, tindo mkono mmoja na nyundo mkono wa pili, nachonga jina la mamaangu ambaye tulikuwa tumemzika siku chache nyuma.

Nitafika huko. Kwanza hilo neno lako.

Umenipigia simu kutoka Nizwa kuniambia kuwa mwalimu wenu amekupeni neno la Kiingereza, hew, mlieleze asili yake na matumizi yake. Ukasema zamani sana lilikuwa la kupiga kwa upanga na shoka, kisha likawa la mafundi wa mbao na wa mawe, na siku hizi husemwa pia kwa mtu anayeshikamana na msimamo wake asiuache. Ukaniuliza, baba, imekuwaje? Kukata na kushikamana si ni mambo yanayogombana?

Hayagombani. Aliyekupa neno hilo hajashika tezo ya kuchongea mti, wala simlaumu. Fundi akitaka kuunyoosha mti huchukua uzi, akauchovya kwenye masizi yaliyokorogwa kwa maji, ukavutwa ukakazana juu ya ubao, kisha huunyanyua katikati akauachia. Ta! Unabaki mstari mweusi. Baada ya hapo kazi ni kuchonga kila kilicho nje ya mstari, na mstari wenyewe usiuguse. Kwa hiyo anayekata vizuri ndiye anayeshika. Waingereza na wao walikuwa na mafundi, na neno limetoka karakana likaingia vinywani mwa watu wasiojua hata randa inashikwaje. Na letu ni hivyo hivyo. Mti huchongwa, jiwe huchongwa, kalamu huchongwa, na mtu akikutia fitina kwa wakubwa husemwa kakuchongea. Nadhani ni kwa sababu anakupunguza kidogo kidogo, na wewe hupo.

Hapo ungetosheka, ukaandika, ukapata alama zako. Lakini nilipokuuliza umekula na nani, ukasema, "Peke yangu, baba, nimeshazoea." Neno hilo lilinikosesha raha kuliko hilo la Kiingereza. Mimi nalijua. Nilikuwa nalisema hivyo hivyo, kwa sauti hiyo hiyo.

Tulikuja huku kutoka Unguja mimi na mama, baba alikuwa keshafariki. Jamaa waliotuita walikaa nasi muda mdogo, wakapata kazi Maskati, wakahama. Tukabaki wawili katika nyumba ya udongo yenye mlango mbovu. Kule Unguja nilikuwa nimefunzwa kuchonga milango, maua na minyororo ya pembezoni, kazi ambayo mtu hupita njiani akasimama kuitazama. Hapa miaka ile ya tisini kila mtu alitaka mlango wa chuma wenye rangi. Nikawa fundi wa kutengeneza masanduku ya kale na madirisha yaliyolegea.

Mama hakukiweza Kiarabu. Majirani walikuwa watu wema, nisiwasingizie. Asubuhi wakimwita kwenye kahawa, wakimwekea tende na matunda, na yeye anakaa anatabasamu, hajui kinachochekwa. Akirudi ananiambia, "Leo nimecheka sana, mwanangu, sijui kwa nini." Tunacheka tena sisi wawili, safari hii tukijua. Mimi Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani, nikifungua mdomo watoto wanageuka. Basi nikaacha kuufungua. Nikitoka kazini nakwenda kwa mama, nasema shikamoo, anasema marahaba, na siku yangu imekuwa nzuri.

Alipokufa, watu walikuja wengi. Walimwosha, walimsalia, walinibebea jeneza. Siku za tanga zilipokwisha walirudi majumbani kwao, na huo si ubaya, ndivyo inavyokuwa. Lakini jioni ile nilirudi kutoka kazini, nikafika mlangoni, shikamoo ikanijaa mdomoni, na hapakuwa na wa kumpa. Nikaimeza. Nililia, mwanangu, mtu mzima mimi, nimeshika kitasa.

Makaburi ya huku unayajua. Hayajengwi wala hayaandikwi. Mwanamume huwekewa mawe mawili yaliyookotwa wadini, kwenye bonde la mto mkavu, mwanamke matatu, na upepo hufanya mengine. Mimi nilikotoka nilishaona makaburi yenye kuta, yenye majina na maua. Nikayatazama yale mawe matatu ya mama, mabichi, hayana umbo, nikaona kama ametupwa. Nikasema, mwanawe ni fundi na yeye analala chini ya kokoto?

Nikatafuta jiwe la bapa. Patasi yangu ya mbao ikavunjika ncha siku ya kwanza, nikanunua tindo. Na uzi nikaupiga juu ya jiwe kama juu ya ubao. Hapa sikiliza vizuri. Uzi wa fundi una ncha mbili, na Unguja ncha moja hushikwa na mtu na ya pili na mwenzake. Mimi tangu nifike Ibra ncha ya pili nilikuwa naifunga kwenye msumari. Nikaandika jina lake, Zuwena, nikalizungushia mnyororo ule wa milango, na maua pembeni. Sijapata kufanya kazi nzuri kama ile mpaka leo. Nikaliweka kwenye toroli, nikalisukuma hadi makaburini mchana wa jua kali wakati watu wamelala, nikayaondoa yale matatu, nikalisimamisha.

Hazikupita siku nyingi nikaletewa salamu kutoka kwa wazee wa mtaa. Jiwe liondoke, si desturi yetu. Walisema kwa adabu. Mimi nilijibu bila adabu. Nikasema atakayeligusa atanikuta nimelala juu yake. Tangu hapo nikawa siendi kahawani, nikialikwa natuma udhuru, na nikipita njiani natazama ukuta. Kila niliyemwona nilijiuliza kama ndiye aliyenichongea kwa wazee. Hasira hasara, nami nilikuwa naipata hasara hiyo kila siku, nakula peke yangu, nimeshazoea.

Palikuwa na mzee mmoja, tukimwita Ami Nasor. Alikaa Pemba ujana wake wote, akarudi Ibra, na baada ya mama ndiye mtu pekee hapa mtaani aliyejua Kiswahili. Lakini alikuwa mkavu, maneno yake ya kuhesabu, nami nilikuwa namwogopa. Alasiri moja akaingia karakana bila kubisha.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Nimekuja kwa lile jiwe."

"Nani kanichongea?"

"Hujachongewa. Nimesema miye, msikitini, mbele za watu, na sasa nakwambia wewe usoni. Kuchongea ni kumsema asiyekuwepo. Vaa viatu, twende zetu."

Nilikwenda. Nilitaka kukataa, na miguu ikamfuata. Tulipofika makaburini akasimama katikati, fimbo yake mkononi, akaniambia, "Nionyeshe kaburi la mamaangu."

"Silijui, ami."

"La mke wangu?"

"Silijui."

"Hata miye silijui tena, wallahi. Nilikuwa nikilijua, likanipotea, nikalia sana. Baadaye nikaona hapana neno. Nikija hapa nawaamkia wote. Mamaangu yumo, mke wangu yumo, na mamako yumo. Au hayumo?"

"Yumo."

"Sasa mbona umemtenga? Yule bibi alikuwa mgeni hapa maisha yake, wakisema haelewi, akisema haeleweki. Leo kafika pahala ambapo watu wote ni sawa, yaa waladi, mwanangu, nawe umemfanya mgeni mara ya pili."

Nikatazama. Eneo zima ni mawe ya wadini, kimya, yameinamiana, na jiwe langu peke yake limesimama na maua yake. Ni kweli. Lilikuwa limekaa kama mama alivyokuwa akikaa kwenye kahawa.

Nikasema, "Nisipoandika, nani atajua kama aliishi? Miye sina mtu, ami."

Akasema, "Haya, ndiyo hayo. Basi jina lile hukumchongea mamako. Umejichongea nafsi yako."

Hakunibembeleza. Nilikaa chini pale pale, naye akasubiri mpaka nikasimama mwenyewe, kisha akaanza kuokota. Mawe matatu yale ya mwanzo yalikuwa bado pembeni. Tuliling'oa langu, tukayarudisha yale, yeye akiweka mimi nikikanyagia udongo. Nikaenda karakana kuchukua toroli, tukalipakia jiwe. Njiani tulikutana na wale wazee wanatoka msikitini. Nilijiandaa kuaibika. Mmoja wao akashika upande wa toroli, mwengine upande wa pili, wakanisaidia kulipandisha mwinuko, wakizungumza habari za mvua. Mti hauendi ila kwa nyenzo, na siku ile niliona jiwe ni vivyo hivyo.

Kesho yake Ami Nasor akaja tena karakana. Nilikuwa nafunga uzi kwenye msumari. Akaung'oa ule msumari kwa kichwa cha nyundo, akautia mfukoni mwa dishdasha, ile kanzu yake, akaishika ncha ya uzi kwa vidole vyake. "Vuta," akasema. Akawa anakuja hivyo karibu kila asubuhi, maneno yake bado ya kuhesabu. Akanilazimisha kwenda kahawani, Kiarabu changu kikachekwa, nami nikajifunza kucheka nacho. Na mmoja kati ya wale waliosukuma toroli, mwanangu, ndiye babu yako mzaa mama. Hilo hukuwa unalijua.

Ami Nasor naye akafa, baada ya mwaka elfu mbili kupita. Sitakudanganya kuwa upweke uliisha kabisa. Hauishi, unapungua, na siku nyengine unarudi kama mgeni asiyepiga hodi. Mwaka mmoja mvua kubwa ikateremsha wadi, maji yakapita ukingoni mwa makaburi, yakayasogeza mawe mengi. Maji yalipokauka nilikwenda, nikatafuta matatu ya mama. Sikuyajua. Nikayatafuta mawili ya Ami Nasor, sikuyajua. Nikasimama pale aliposimama yeye, nikatoa salamu ya makaburini kama tulivyofunzwa, kisha nikaongeza yangu. Nikasema, "Shikamooni."

Neno lililonikwama mlangoni miaka yote ile, mwanangu, likatoka.

Sasa nasaha yangu ni hii, uifuate ukiweza. Shika mstari wako, usikubali kupindishwa na kila apitaye. Lakini mstari wa fundi una ncha mbili. Ukiona ncha ya pili umeifunga kwenye msumari, simama kwanza, tafuta mtu. Hao wasichana wa bwenini wakikukaribisha chai nenda, hata kama huelewi wanachocheka. Usiugeuze upweke wako ukawa jiwe zuri la kusimama peke yake, kwa kuwa litapendeza na litakutenga. Na ukikosolewa usoni, usiwahi kusema umechongewa. Mtazame vizuri anayekukosoa. Huenda ndiye atakayekushikia uzi kesho.

Ukija likizo, nenda karakana. Nyuma ya mlango kuna lile jiwe la bapa ulilokuwa ukilikalia utotoni ukila tende. Siku zote uliniuliza kwa nini nimelilaza kifudifudi. Muite mtu akusaidie, ligeuze, umsome bibi yako.

Mungu akuepushe na meza ya mtu mmoja. Akupe wa kuwaamkia na wa kukuitikia, akulinde huko uliko, akurejeshe salama. Na zamu yangu ikifika, niokotee mawili ya wadini, uyaweke popote penye wenzangu. Usiyaandike kitu.