Moto wa Nyumba Iliyotengwa

Habari zilinikuta sokoni Babati, nikichambua maharage ya mama niliyekuwa nikimfanyia kazi za nyumbani. Mwanamke mmoja, jirani wa dada yangu huko ng'ambo ya ziwa, alisimama mbali nami kidogo akasema, "Dada yako hana moto. Tangu juzi hatuoni moshi kwake."

Sikumuuliza kwa nini hawakumpelekea. Nilijua. Dada alikuwa amefiwa na mtoto mchanga, na kwetu sisi tuliotoka nyanda za juu za Mbulu, nyumba ya namna hiyo ilitengwa. Haikuingiwa, haikuchota maji kwenye kisima cha wenzake, wala haikupewa hata kaa la moto, mpaka wazee waje kuitakasa. Aliyeingia alitengwa pamoja na wenye nyumba. Padri aliikemea desturi hiyo mara kwa mara. Nasi tuliitikia amina kwa sauti kubwa, tukarudi nyumbani kuiendeleza.

Wakati mwingine wowote dada angewasha moto wake mwenyewe. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya foleni, miaka ya kufulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na kiberiti kilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Kila nyumba ilifukia makaa yake kwenye majivu, na yakizimika mtu alikwenda kwa jirani na kigae mkononi. Dada hakuwa na jirani tena. Mumewe alikuwa kibarua kwenye mashamba ya ngano, pengine hata habari za msiba hazikuwa zimemfikia. Na mvua ya masika ile haikujua kupumzika.

Nilikwenda kwa mzee mmoja mwenye duka, Mwislamu aliyekuwa akinunua maziwa kwa mama yangu.

"Shikamoo, baba. Naomba kiberiti."

"Marahaba. Kiberiti hakuna, mwanangu," alijibu kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, maana siku hizo kukutwa na bidhaa zilizofichwa chini ya meza kulimfikisha mtu pabaya. Nikamsogelea, nikamweleza kwa kunong'ona. Aliingia ndani, akarudi na kiberiti kilichobaki nusu, amekizungushia kipande cha nailoni.

"Hiki ni cha jikoni kwangu," alisema. "Mpe pole. Mwambie Mungu amjalie subira."

Mama wa kazini aliniruhusu, ila nirudi siku hiyohiyo. Nilikiweka kiberiti utosini, nikafunga kitambaa juu yake, kisha nailoni nyingine juu ya kitambaa. Mfuko wa gauni ungeweza kutumbukia majini. Kichwa ningekilinda kwa vyovyote.

Njia ya kandokando ya ziwa naifahamu, lakini siku ile sikuiona. Ziwa lilikuwa limepanda, limeingia mashambani na kulaza mahindi ya watu. Mbingu na maji vilikuwa na rangi moja ya majivu, na mitumbwi yote ilikuwa imevutwa nchi kavu. Katambuga zangu za tairi zilinasa kwenye tope, nikazivua, nikatembea peku. Nyayo za viboko zilikuwa zimejaa maji, na mahali fulani nilimsikia mmoja akipumua ndani ya matete, karibu kuliko nilivyotaka. Niliganda. Kisha nikapanda taratibu upande wa mashamba, sikugeuka nyuma.

Huko juu nilimkuta bibi mmoja amejikunyata chini ya kibanda cha kulindia ndege. Nilimwamkia. Aliitikia, akaniuliza niendako, nami nikasema ukweli.

"Mwachie njiani," alisema. "Wewe bado msichana, hujaolewa. Usiingie."

Nilimshukuru, maana ndivyo nilivyolelewa, lakini moyoni nilikuwa nachemka. Niliwakasirikia wazee, nikayakasirikia maduka matupu, na Mungu naye hakupona. Wanasema undugu ni kufaana, si kufanana. Nilijiuliza ni nani aliyekuwa akimfaa dada yangu. Hasira hiyo ndiyo iliyonivusha korongo lililofurika, maji yakinifika kifuani, shingo nimeinyoosha juu na mikono yote miwili nimeshika kichwa.

Nilifika alasiri. Tawi la mti lilikuwa limelazwa kukatiza njia ya kwake, alama ya kwamba hapaingiwi. Tembe lake lilivuja kila upande. Dada alitoka amejifunika blanketi lililolowa, na mdomoni alikuwa na weupe wa unga, kwa kuwa alikuwa akinywa unga uliokorogwa kwa maji baridi.

"Weka hapo kwenye tawi, urudi," alisema. "Usivuke."

Nikakifungua kiberiti utosini, nikakiweka. Alikichukua, akachutama mlangoni kusikokuwa na mvua. Kijiti cha kwanza kilikatika. Cha pili pia. Vidole vilikuwa vinamtetemeka kwa njaa na baridi, na kila kijiti kilichokatika kilinichoma kama kwamba ni mimi ninayekatwa. Nilimwelekeza kwa maneno, polepole, asugue taratibu. Alijitahidi. Kikakatika kingine, akainua macho kunitazama.

Nikalivuka tawi.

"Watakukimbia na wewe!" alipiga kelele.

"Wakimbie."

Nilichomoa nyasi kavu kutoka ndani ya godoro lake, nikaziweka kati ya mafiga, nikawasha. Zilishika mara moja. Nililisha moto ule mpaka kuni zake mbichi zikaacha kulia maji. Kazi yangu mjini niliipoteza hivyo, na nilikaa pale mpaka wazee walipokuja kuitakasa nyumba. Sijawahi kujuta.

Tulikaa tukiota moto. Misiba mingine ya kwetu hujaza watu uani, wa kulia na wa kuteka maji na wa kupika. Wa kwake haukuwa na mtu hata mmoja, na yeye mwenyewe macho yake yalikuwa makavu. Mtoto wake sikuwahi kumwona. Basi nikamuuliza hivyohivyo, "Alikuwaje?"

Dada aliutazama moto, akaanza na masikio. Alisema yalikuwa makubwa, ya baba yetu kabisa, na kwamba yalikuwa yakichezacheza anaponyonya. Hapo akalia, akalia kwa sauti, nimemshika. Alipomaliza akajifuta uso, akaendelea na mikono ya mwanawe.